Kitendawili Barabarani: Herufi, Tarakimu na Maana katika Namba Binafsi za Magari

1.0 Utangulizi

Kitendawili cha Waswahili kina kanuni zake. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira huitikia "Tega!", kisha fumbo hutolewa na kila mtu hujaribu kulitegua. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai apewe mji. Akishaupokea mji huo, hulazimika kutoa jibu. Kwa hiyo mchezo huo hauachi deni: anayetega hubaki pale pale mpaka fumbo lifumbuliwe, na jibu likishatajwa hadhira nzima huwa na ujuzi mmoja.

Mhadhara huu unahusu aina ya kitendawili inayovunja kanuni hiyo. Nayo ni namba binafsi ya gari, yaani mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu ambao mwenye gari huuchagua mwenyewe na kuulipia, badala ya kupokea ule unaofuata katika orodha ya serikali. Dereva wa nyuma huusoma kwa sekunde chache, taa zikawaka kijani, na mtegaji akaenda zake. Hakuna mji uliotolewa wala jibu lililotajwa. Msomaji hubaki na dhana yake, naye hana wa kumsahihisha.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kupitishia wakati kwenye foleni. Hata hivyo, limefikishwa mahakamani mara nyingi katika nchi za Marekani na Kanada, na maswali yaliyoulizwa huko ni yale yale ya isimu: neno huanzia wapi na kuishia wapi? Maana hukaa kwa mwandishi, kwa msomaji, au katika maandishi yenyewe? Na lugha ngapi zihesabiwe pale ambapo herufi saba tu zimeandikwa? Mhadhara unakusudia kuyachambua maswali hayo, na kuonyesha kuwa Kiswahili kina mchango wake katika kuyajibu.

2.0 Kutoka Kitambulisho hadi Usemi

Kibao cha namba hakikukusudiwa kusema lolote. Nchini Uingereza, sheria ya magari ya mwaka 1903 iliamuru kila gari lisajiliwe na kubeba namba kuanzia Januari 1, 1904. Herufi zilionyesha halmashauri iliyolisajili gari, na tarakimu zilionyesha nafasi yake katika daftari. Alama ya namna hiyo ina kirejelewa, yaani gari fulani, lakini haina maana ya kileksika. Haina tofauti na namba ya daftari la shule.

Binadamu, hata hivyo, hawezi kuiona alama bila kuipa thamani. Inasimuliwa kuwa mwaka huo huo mkabaila mmoja, Earl Russell, alikesha kwenye foleni mjini London ili apate namba A 1. Namba hiyo ilikuwa bado kitambulisho, lakini tayari ilikuwa imeanza kusema kitu juu ya mwenyewe. Mfano wa siku zetu ni Dubai, ambako mwezi Aprili 2023 namba P 7 iliuzwa kwa mnada wa hisani kwa dirhamu milioni 55. Huko tarakimu moja peke yake haihitaji kuteguliwa, kwani uchache wake ndio ujumbe.

Hatua ya pili ni kumruhusu raia achague. Jimbo la Pennsylvania hutajwa kuwa la kwanza nchini Marekani kuwaruhusu baadhi ya madereva, mwaka 1931, kuweka herufi za mwanzo za majina yao. California ilitunga sheria yake mwaka 1970, na mapato yakaelekezwa kwenye hifadhi ya mazingira. Katika jimbo hilo gari la kawaida hupewa nafasi zisizozidi saba. Nchini Tanzania, gari la mtu binafsi husajiliwa kwa herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu. Lakini mwenye kutaka jina lake au neno alipendalo huweza kuomba namba binafsi. Ada yake ilikuwa shilingi milioni 5 kwa kila miaka mitatu, na katika bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandishwa kuwa shilingi milioni 10.

Ni dhahiri basi kuwa bei na idadi ya nafasi ndizo zinazoamua umbo la usemi huu. Mwandishi wa kawaida akikosa nafasi hugeuza ukurasa. Mwandishi wa kibao hana ukurasa wa pili, na ufinyu huo humlazimisha kubuni.

3.0 Mbinu za Kufumba

Mbinu zinazotumika katika vibao vya Kiingereza zaweza kugawanywa katika makundi manne.

Ya kwanza ni kudondosha irabu. Kiingereza kina maneno mengi yanayotambulika kwa konsonanti zake, hasa yale yenye mkururo wa konsonanti. Msomaji hurudisha irabu kwa mazoea.

Ya pili ni kutumia tarakimu au herufi kwa sauti ya jina lake. Tarakimu 8 husimama badala ya silabi isikikayo katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kubwa sana" na "chelewa", nayo herufi U husimama badala ya nafsi ya pili. Mbinu hii si ya vijana wa leo. Ni kongwe kuliko alfabeti. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, jina la mfalme Narmer wa Misri liliandikwa kwa picha ya kambare, aliyeitwa nar, na picha ya patasi, iliyoitwa mer. Mfalme hakuwa samaki wala seremala; picha ziliazimwa kwa ajili ya sauti zake tu. Wataalamu wa maandishi huona katika hatua hiyo mlango ambao picha ilipitia ikawa maandishi.

Ya tatu ni kutumia umbo badala ya sauti. Tarakimu 5 husomwa S, 1 husomwa I, na 0 husomwa O. Mbinu hii imekomaa zaidi Uingereza, ambako raia hachagui herufi atakazo, bali hununua mfuatano unaofuata muundo uliowekwa na serikali. Mwezi Novemba 2014 namba 25 O iliuzwa kwa takriban pauni 518,000 kwa sababu mwenye macho ya kutaka huiona kuwa 250, ambayo ni namba ya gari maarufu la Ferrari. Hapo herufi imesomwa kuwa tarakimu, kinyume cha desturi.

Ya nne ni muktadha. Aina ya gari, rangi yake, maneno ya fremu inayozunguka kibao, na hata mji ambamo gari limeegeshwa, vyote huingia katika usomaji. Katika jimbo la Rhode Island, mwenye gari la umeme aliweka herufi FKGAS. Kwa maelezo yake, binti yake ndiye aliyependekeza, na maana ilikuwa "petroli bandia". Mamlaka iliona humo tusi dhidi ya petroli. Mwaka 2020 mahakama ya shirikisho iliamuru kwa muda kwamba asinyang'anywe kibao hicho. Msomaji asiyejua kwamba gari lenyewe halitumii petroli hana njia ya kuufikia usomaji wowote kati ya hizo mbili.

Juu ya mbinu hizi zote kuna tatizo moja kuu, nalo ni mipaka ya neno. Kibao hakina nafasi za kutosha kutenganisha maneno. Mwaka 2009 jimbo la Colorado lilikataa ombi la mpenzi wa tofu, chakula cha maharage ya soya, aliyetaka kuandika ILVTOFU. Yeye alikata mfuatano huo baada ya V. Ofisi ilihofia kuwa wengine wangekata tena baada ya O, na herufi mbili za mwisho zikabaki peke yake, ambapo kwa Kiingereza ni kifupisho cha tusi. Herufi ni zile zile, mpangilio ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kukata tu. Mwanafunzi wa mofolojia asiyeamini kuwa uchanganuzi wa mofimu una athari katika maisha ya watu na autazame mfano huu.

4.0 Kiswahili katika Nafasi Saba

Je, mbinu hizi zaweza kutumika kwa Kiswahili? Jibu ni ndiyo, lakini si kwa kiasi kile kile, na tofauti hizo zinafundisha jambo kuhusu muundo wa lugha yenyewe.

4.1 Irabu

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu hiyo hubeba mzigo mkubwa wa maana. Tuchukue kiunzi KTB. Kwa kurudisha irabu, msomaji hupata kitabu, katibu, katiba, kutibu na kutubu. Maneno hayo matano yanaweza kuwa ya mwalimu, karani, mwanasheria, daktari na mcha Mungu, na kila mmoja angeweza kukifunga kibao hicho kwenye gari lake kwa haki kamili. Kiingereza huvumilia kudondoshwa kwa irabu, Kiswahili huadhibu.

Tatizo hili si geni katika historia ya lugha hii. Waswahili waliandika kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati ya Kirumi kuenea. Hati hiyo huweka uzito katika konsonanti, na alama zake za irabu fupi ni tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wa tenzi iliwabidi watie alama za irabu kwa uangalifu, na hata hivyo msomaji alihitaji kuijua lugha vyema ndipo atofautishe e na i, au o na u. Kwa hiyo mtu anayesoma kibao kilichofupishwa leo anarudia, bila kujua, kazi ya msomaji wa miswada ya Lamu na Mombasa.

4.2 Tarakimu

Katika ujumbe mfupi wa simu, vijana wa Afrika Mashariki wamezoea kuandika m2 kwa mtu, wa2 kwa watu, 2taonana kwa tutaonana, na cjui kwa sijui. Tarakimu 2 hapa haisomwi mbili. Husomwa kwa jina lake la Kiingereza, na sauti hiyo huingizwa katika neno la Kiswahili. Vivyo hivyo herufi C husomwa "si", kama isomwavyo katika CCM. Mwandishi ameazima sauti ya lugha moja ili aandike mofimu za lugha nyingine.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba alama moja hufanya kazi nyingi. Katika sentensi "ni wa2 2", ya kwanza ni shina la nomino na ya pili ni kielezi. Katika "2me2mwa", ya kwanza ni kiambishi cha nafsi na ya pili ni sehemu ya mzizi wa kitenzi tuma. Katika "vye2" ni sehemu ya kimilikishi. Msomaji hachanganyikiwi kwa sababu sarufi humwelekeza. Huo ni ushahidi kuwa vijana wanaolaumiwa kwa kuharibu lugha wanaijua sarufi yake barabara. Asiyeijua hawezi kuandika hivyo wala kusoma.

Swali la kuvutia zaidi ni kwa nini majina ya tarakimu ya Kiswahili hayatumiki namna hiyo. Hayakosi uwezo. Mapa5 ingesomeka mapatano, mku5 mkutano, tu100 tumia, na 7bu sababu. Kizuizi cha kwanza ni urefu: mengi ya majina hayo yana silabi mbili, na si rahisi kupata neno linalozibeba zote mbili kwa pamoja. Cha pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tarakimu ikikaa mwishoni mwa neno, mkazo wake haubadiliki: tano na mapatano zote zina mkazo kwenye ta, mia na tumia kwenye mi. Ikikaa mwanzoni, mkazo huhama: saba ina mkazo kwenye sa, lakini sababu una mkazo kwenye silabi ya pili. Kwa hiyo mapa5 humtoka msomaji kinywani kwa wepesi, ilhali 7bu humtaka arudie. Anayetaka kutunga fumbo la tarakimu kwa Kiswahili safi na aiweke tarakimu mwishoni.

4.3 Lugha mbili katika jicho moja

Kibao hakitaji lugha yake. Katika Maryland, kibao chenye neno la Kispania lenye maana ya kinyesi kilitolewa mwaka 2009 na kikatembea barabarani bila taabu, hadi lilipoletwa lalamiko mwaka 2011 kikafutwa. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliafiki kufutwa kwake. Neno halikubadilika katika miaka hiyo. Lilimpata msomaji wake.

Ni vyema kulitazama jambo hili kwa upande wa Mswahili pia. Faki ni jina la heshima la watu wengi wa Unguja na Pemba. Likiandikwa kwenye kibao katika jimbo la Marekani, jicho la Kiingereza huona herufi tatu za mwanzo likatilia shaka. Kitenzi shitaki, chenye herufi saba barabara, hakina salama zaidi. Kwa upande mwingine, neno la Kijapani la mnyama dubu laweza kupita katika ofisi hizo bila swali, ilhali hakuna Mswahili awezaye kulitamka mbele ya wakwe zake. Orodha ya maneno yaliyokatazwa huwa na lugha yake hata pale inapojidai haina. Anayeumizwa ni yule ambaye jina alilopewa na babu yake hutiliwa shaka na msomaji asiyeijua lugha yake.

5.0 Maana ni ya Nani?

Majimbo mengi ya Marekani humtaka mwombaji aeleze katika fomu maana ya herufi alizochagua. Kwa lugha ya kitendawili, serikali hudai jibu kabla hadhira haijasikia fumbo. Lakini kujua nia ya mtegaji hakutoshi, kwani tatizo huanzia kwa msomaji.

Kesi ya Manitoba, Kanada, yaonyesha hivyo. Shabiki wa filamu za Star Trek alikuwa na kibao ASIMIL8, kilichorejelea viumbe wa filamu hizo wanaowameza wengine na kuwafanya kuwa sehemu yao. Fremu ya kibao iliwataja viumbe hao kwa jina. Mwaka 2017 kibao kilifutwa kwa sababu neno hilo, kwa wenyeji wa asili wa Kanada, lilikumbusha sera ya kuwameza wao: watoto wao walitengwa na wazazi na kuwekwa katika shule za bweni ili lugha na mila zao zifutike. Mwaka 2019 mahakama iliukubali uamuzi huo. Mwenye gari hakusema uongo kuhusu nia yake, na waliolalamika hawakusema uongo kuhusu maumivu yao. Neno lilikuwa na historia mbili, na kibao hakikuwa na nafasi ya kutaja ni ipi.

Swali jingine ni nani anayesema. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kuwa michoro maalumu ya vibao vya Texas ni usemi wa serikali. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya Indiana iliamua vivyo hivyo kuhusu herufi binafsi, katika kesi ya polisi aliyejitania kwa kibao 0INK, ambao ni mlio wa nguruwe kwa Kiingereza. Mwaka 2020, jaji wa shirikisho katika California alikataa rai hiyo: herufi alizochagua raia ni usemi wa raia. Katika kesi hiyo mmoja wa walalamikaji alitaka OGWOOLF, kutokana na lakabu zake. Ofisi ikakataa kwa kudai kuwa OG huashiria magenge.

Waswahili wana chombo chao cha kulipima swali hili, nacho ni kanga. Mwanamke akivaa kanga yenye jina la kumchoma jirani, akiulizwa huweza kujibu kuwa yeye alinunua kanga tu, maneno yametoka kiwandani. Kila mtu anajua kuwa jibu hilo si kamili, lakini linakubalika, na amani ya mtaa huhifadhiwa. Mwenye namba binafsi hana kinga hiyo, kwani jalada lina fomu yenye sahihi yake. Kinga pekee inayombakia ni utata wenyewe: kudai kuwa alikusudia usomaji wa pili. Hivyo utata, ambao mwanasemantiki huutazama kama kasoro ya kuondolewa, kwa msemaji huwa hifadhi.

Kuna pia msomaji asiyejua utani kabisa, naye ni mfumo wa kumbukumbu. Mwaka 1979, dereva mmoja wa Los Angeles alijaza fomu akaandika chaguo la kwanza na la pili, kisha katika nafasi ya tatu akaandika NO PLATE, yaani kama yale mawili yamekosekana asipewe kibao. Akapewa kibao chenye maneno hayo. Kwa kuwa polisi waliandika maneno hayo hayo kwa magari yaliyotelekezwa bila namba, notisi za faini zipatazo 2,500 zilimfikia yeye. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mwingine wa California aliyechagua NULL, neno ambalo kompyuta hutumia kuonyesha nafasi tupu. Naye alibebeshwa faini za zaidi ya dola 12,000 za magari asiyoyajua. Katika visa vyote viwili, maneno yanayotaja kukosekana kwa jina yaligeuzwa kuwa jina. Wanaisimu hutofautisha kutumia neno na kulitaja. Mfumo haukuweza, na binadamu akalipa.

6.0 Hitimisho

Namba binafsi ya gari ni matini fupi kuliko methali, lakini ndani yake hukutana fonolojia, mofolojia, othografia, semantiki na pragmatiki. Mifano iliyotolewa inaonyesha mambo matatu. Kwanza, kila lugha hufupika kwa namna yake: Kiingereza huacha irabu, Kiswahili hung'ang'ania irabu zake na kuweka tarakimu mwishoni. Pili, maana haipatikani katika nia ya mwandishi peke yake wala katika sikio la msomaji peke yake. Tatu, ofisi yoyote inayopitisha au kukataa majina ya watu inafanya kazi ya isimu, iwe inajua au haijui, na ikiifanya kwa lugha moja tu itawadhulumu wasemaji wa nyingine.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili upo utafiti unaosubiri. Maandishi ya vibao, ya daladala na matatu, na ya ujumbe wa simu hutoweka haraka kuliko vitabu, na yakitoweka hayarudi. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mwerevu wa leo na aende na daftari lake barabarani, aandike alichokiona, mahali alipokiona na gari lililokibeba, kabla taa hazijawaka kijani.